Kibati cha Mbwa Aliyekufa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eufrazia alichota maji ndoo mbili, akafagia uwanja, kisha akawapa mbwa ukoko wa ugali kwenye gae la chungu. Mwaka huo wa 1955 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, pale yanapoanza mashamba ya mihogo, na bila mbwa, nguruwe mwitu wasingewaachia hata shina moja. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na alikuja mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo mwenye amri nyumbani alikuwa mama, Marselina.

Mbwa walikuwa wawili, Sijali na Semeni. Baba aliwapa majina hayo kwa makusudi, ili kila akiwaita, majirani wenye maneno mengi wapate jibu lao. Sijali aliumwa na nyoka akafa. Semeni akasusa chakula, akawa anashinda amelala kwenye shimo alilozoea kulalia mwenzake, na nguruwe walipoingia shambani aliwatazama kama wageni waalikwa.

Wiki hiyohiyo karani mmoja jirani yao, Bwana Wilbrodi, alihamishiwa Tanga. Alipakia kitanda, meza, kuku, hata mlango wa choo akaung'oa. Mbwa wake alimwacha amefungwa kwenye mpapai, bila tone la maji. Eufrazia alimkuta siku ya pili, ulimi nje, kamba imemchubua shingo. Alikasirika mpaka machozi yakamtoka. Mtu mzima, msomi, anakumbuka mlango wa choo na kumsahau kiumbe hai! Akampa maji, kisha akakimbia nyumbani kumwomba mama wamchukue awe mwenzake Semeni.

Mama hakukataa mbwa. Alikataa mbwa asiye na kibati. Miezi michache nyuma bwana mifugo alikuwa amewadunga mbwa sindano ya kuzuia kichaa, bure, na kila aliyedungwa alivishwa kibati chenye namba shingoni.

"Kama hana kibati, simtaki hapa," alisema Marselina. "Nina mtoto mdogo mimi."

Mbwa hakuwa nacho. Lakini kibati cha marehemu Sijali kilikuwa ndani ya kopo la misumari la baba. Eufrazia alikichukua, akamweleza siri hiyo Mtoro, aliyesoma naye darasa moja. Mtoro akacheka, akasema, "Mvishe tu. Kwani mbwa anajua kusoma namba?" Jioni mbwa akafika nyumbani na kibati shingoni, na mama akaambiwa kwamba kilikuwa kimeanguka chini ya mpapai. Marselina alikishika, akakigeuza, akaridhika.

Walimwita Rafiki. Kusema kweli, Semeni alifufuka. Alikula, akacheza, na usiku wawili hao wakawafukuza nguruwe mpaka bondeni. Eufrazia alijiona ameokoa mbwa wawili kwa kibati kimoja.

Wiki ya nne Rafiki alibadilika. Alijificha chini ya dungu la kulindia shamba, akang'ata vijiti, ute ukimchuruzika asiweze kumeza. Asubuhi ya Jumamosi Gaspari, mdogo wake Eufrazia mwenye miaka sita, alifuata mpira wake wa matambara pale chini ya dungu. Rafiki akamng'ata kwenye shavu la mguu, damu ikatoka.

Huko zahanati, mganga aliyeitwa Bwanausi aliuliza swali moja tu: mbwa huyo alidungwa?

"Alidungwa," alijibu Marselina. "Ana kibati, nimekishika kwa mkono wangu huu."

Bwanausi akashusha pumzi. Alieleza kwamba sindano za kichaa ziko Dar es Salaam, nazo ni kumi na nne, zote za tumboni. Hakuna haja ya kumtesa mtoto ikiwa mbwa alikingwa. Aliosha kidonda kwa sabuni muda mrefu, akasema mbwa afungwe na mtoto arudishwe baada ya siku kumi. Eufrazia ndiye aliyeshika bakuli la maji. Alifungua mdomo, akaufunga.

Njiani walikutana na watoto wa shule, Mtoro akiwemo. Mmoja akamtania Gaspari kwamba kesho ataamka anabweka.

"Sibweki mimi," alijibu Gaspari, akionyesha bendeji yake kwa fahari. "Mbwa wetu ana kibati."

Mtoro alimtazama Eufrazia, kisha akatazama chini. Eufrazia akasimama katikati ya njia.

"Mama, kile kibati ni cha Sijali. Nilimvisha mimi."

Marselina alimtaka arudie. Akarudia. Mama alimbeba Gaspari mgongoni, mzito vile, akarudi zahanati mbio. Bwanausi aliandika barua papo hapo, na kabla ya alasiri mama na mtoto walikuwa juu ya lori la mihogo kuelekea Dar es Salaam.

Gaspari alidungwa zote kumi na nne. Alilia kila siku, lakini alipona. Rafiki alikufa siku ya tatu. Bwana mifugo alipeleka kichwa chake kupimwa, na jibu likaja kwamba ni kichaa. Semeni alidungwa tena na kufungwa peke yake miezi mitatu.

Mama aliporudi, jirani yao Mwanajuma alikuja kutoa pole. Katika mazungumzo akasema kwamba Wilbrodi alikataa kumdunga mbwa wake, eti sindano humharibia pua ya kuwinda, na kwamba mtaa mzima ulijua.

"Mlijua?" aliuliza Marselina. "Mkamwona mbwa yule anapita na mwanangu mkanyamaza? Dada, ungeniletea maneno hayo mapema, hizi pole nisingezihitaji."

Mwanajuma akainama, akaomba radhi. Alipoondoka, Marselina alimkalisha Eufrazia mbele yake.

"Kumhurumia mbwa hukukosea. Ungeniambia hana kibati, ningemwita bwana mifugo, angemfunga na kumchunguza, wala hatoi mtu senti. Kipande cha bati hakizuii ugonjwa, mwanangu. Hukunidanganya mimi peke yangu, ulimdanganya na mganga, akataka kumrudisha mtoto nyumbani akafe. Wilbrodi alimwacha mbwa. Wewe, kutoka zahanati mpaka pale njiani, ulimwacha mdogo wako."

Eufrazia alilia. Mama akamfuta machozi kwa ncha ya khanga, ila sauti yake haikulainika.

"Lakini uliposema ukweli ulirudi kumchukua, ndiyo maana yupo hai. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda huoshwa kwa sabuni, na ukweli wote husemwa palepale. Siku nyingine usingoje mpaka njiani."