Bata wa Papa Landry

Sikilizeni, wazazi wenzangu wa mtaa wa Mangobo, na nyinyi mnaojifanya hamsikii, sikilizeni pia.

Asubuhi nyumbani kwa Mama Solange zilikuwa tamu. Alikuwa na friji iliyokufa zamani. Ndani alitundika balbu na kuweka beseni la maji, na humo aliangulia vifaranga vya kuku. Kila yai lilikuwa na alama ya makaa upande mmoja. Binti yake Benie, wa miaka tisa, ndiye aliyeyageuza asubuhi na jioni, kwa sababu yai la kuku lisipogeuzwa, kifaranga hugandamana na ganda na kufa. Mtoto alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Kisha mumewe, Landry, akaona njia ya mkato ya kupata pesa. Alirudi kutoka Bengamisa na ndoo iliyofunikwa. Akaunda kabati lake la mbao, akafunga balbu, akayafukia mayai yake katika unga wa mbao wenye unyevu. Halafu akatia kufuli.

"Iko nini mule, papa Benie?" Solange akauliza.

"Mayai ya bata ya Wazungu. Bon, mutu asiguse."

"Bata ya kufungia cadenas?"

"Muke yangu, acha maulizo."

Bata! Yalikuwa mayai ya nyoka. Mtu mmoja wa Bangboka, kule uwanja wa ndege, alimwahidi kununua watoto wa chatu awasafirishe ng'ambo, na mwindaji wa Bengamisa aliapa kwamba mayai ni ya chatu. Landry hakumwona nyoka aliyeyataga, wala hakuuliza zaidi. Nami nawauliza: mwanamume mwenye akili timamu anaangua nyoka hatua tatu kutoka mkeka wa mtoto wake? Tamaa mbele, mauti nyuma.

Miezi miwili ikapita. Solange aliliangalia lile kufuli kila alipofagia, akameza shaka lake.

Siku moja Landry akaenda Bangboka kumwona mnunuzi wake. Umeme ukakatika, kama kawaida yake, na Benie akayahurumia yale mayai. Balbu imezimika, na tangu yaletwe hajamwona mtu akiyageuza! Bata wale watakufa. Ufunguo alijua ulipo, ndani ya kiatu cha baba cha kuendea kanisani. Akafungua, akatia mkono kwenye unga wa mbao ili ayageuze.

Solange alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, aliposikia kilio.

"Mama! Bata imeniuma!"

"Bata haina meno, mutoto yangu. Iko waya ya papa yako imekuchoma."

Kidole kilitoka damu kidogo tu. Solange akasukuma mlango wa kabati ukafunga, akakiosha, akampeleka kituo cha afya, na huko pia akasema ni waya. Muuguzi akadunga sindano ya pepopunda, akawarudisha nyumbani. Siku nzima ikapotea hivyo, kwa neno moja la uongo.

Kesho yake asubuhi mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na kidole kimekuwa cheusi. Hospitalini, daktari Léon hakuhitaji kuutazama mara mbili.

"Mama, iko alama ya meno mbili hapa. Nyoka ilikuwa wapi?"

"Hatuna nyoka, docteur. Tuko na bata tu."

"Bata gani? Alors, pigia papa yake. Sasa hivi."

Solange akapiga, akafungua sauti ili daktari asikie.

"Landry, Benie ameumwa ndani ya kabati yako. Tuko ku hôpital."

Landry akauliza:

"Alifungua? Zimetoka ngapi?"

Zimetoka ngapi! Hakuuliza mtoto anaendeleaje. Wagonjwa waliokuwa karibu wakageuka. Solange akaisogeza simu karibu zaidi na daktari.

"Nini imetoka, Landry? Sema, docteur asikie."

Ndipo neno nyoka likamtoka Landry. Tonton Émile, kaka yake Solange, akakimbilia nyumbani na panga, akakuta nyoka wadogo kumi na mmoja ndani ya kabati. Hawakuwa chatu. Walikuwa swila, wale wa kutema sumu machoni. Dawa ya sumu ilipatikana jioni ile, lakini vidole viwili vya Benie havikungoja. Vilikatwa.

Landry alipofika, alikuta kabati lake barabarani, na nguo zake juu yake. Mnunuzi wa Bangboka hapokei simu tena.

Wiki tatu baadaye vifaranga vya Solange vilianza kulia ndani ya friji. Zamani Benie ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvibeba. Safari hii alisimama mlangoni, ameuficha mgongoni mkono uliofungwa bendeji.

"Mama, iko kuku kweli?"

Solange akamwonyesha mdomo, miguu, manyoya. Mtoto alitazama vizuri, lakini hakusogea.

FUNDISHO

Wazazi, njia ya mwongo ni fupi, lakini mara nyingi anayeumia humo si mwongo mwenyewe. Ukileta hatari ndani ya nyumba, itaje kwa jina lake mbele ya wote wanaolala humo. Bora usiilete kabisa. Nawe uliyeuliza mara moja ukanyamazishwa, uliza tena, piga hata kelele. Yule mtoto hakuwa mtundu. Alitia mkono mle kwa huruma, na kwa sababu alimwamini baba yake.