Perege wa Jana

Ndugu zangu, hasa nyinyi mliojaliwa wakwe, sogeeni karibu. Haya yalitokea Zuzu, mchana kweupe, mbele ya watu waliotoka kanisani. Aliyekosea hakuwa mchawi wala mlevi. Alikuwa Mama Debora, mwanamke anayejua kulea, kupika na kusali kuliko wengi wetu. Ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Jumapili hiyo uwanja wake ulikuwa umefagiwa ukafagilika. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake Priska, alikuwa amebatizwa asubuhi. Wageni walikaa kwenye mikeka na viti vya plastiki wakisalimiana, "Mbukwenyi!", na watoto wakifukuzana nyuma ya ghala la mtama. Jikoni Mama Debora alisonga ugali wa uwele huku akiimba. Furaha yake ilikuwa kamili, isipokuwa jambo moja lililomkera kwa miaka miwili, nalo ni mkwewe Aneth.

Aneth ni mke wa mwanawe Lameck, na wawili hao wanaishi mjini, mtaa wa Area D. Kila alipokuja Zuzu alikuja na hotpoti lake la chakula. Kiporo hali. Samaki aliyelala hamgusi. Akinusa manukato makali anahama kiti, na jua likichachamaa anakimbilia ndani na kitambaa kibichi shingoni. Priska alimbandika wifi yake jina la Mheshimiwa, na Mama Debora alicheka kila alipolisikia.

Si kwamba hakuelezwa. Lameck alimkalisha mama yake chini akamweleza jinsi mkewe alivyohangaika miaka mitatu, ngozi ikiwaka, tumbo likikata, akianguka ghafla. Alipimwa malaria, minyoo na presha, akaombewa hata mapepo. Mwishowe daktari mmoja akagundua kwamba seli za ulinzi mwilini mwake, zile ziitwazo seli za mast, zinaamka ovyo.

"Ni kama mlinzi wa geti anayepiga filimbi hata kuku akipita, mama," Lameck alisema. "Mwili mzima unakurupuka. Haiponi kabisa, lakini inadhibitika. Anameza vidonge vya mzio asubuhi na jioni, anaandika kwenye daftari kila kinachomdhuru, hasa viporo, halafu anakiepuka. Na sindano ya adrenalini, ya kumwokoa akizidiwa, haitoki mkobani mwake."

"Mbona sisi tumekula viporo tangu kuzaliwa?" mama alijibu.

Moyoni alijiambia, huyu anadeka, na anadharau mkono wangu. Nanyi msijifanye hamuelewi. Mkwe akikataa chungu chako mbele ya watu, uso unauweka wapi?

Sasa sikilizeni alichofanya. Jumamosi Priska alikuwa amenunua samaki, perege wa bwawa la Mtera. Wakakaangwa, wakalala usiku kucha ndani ya beseni lililofunikwa kanga, na joto lile mnalijua. Jumapili Mama Debora akawaunga kwa karanga, wakanukia uwanja mzima. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Amle bila kujua. Akikaa salama, maneno yote ya daktari yatakuwa yamekwisha.

Akamwekea Aneth sahani mapajani. "Leo ni siku ya damu yetu, mwanangu. Utakula chako pembeni kama mpita njia?"

Aneth aliitazama sahani. "Samahani mama, hawa samaki ni wa leo?"

"Wa leo. Wameshushwa asubuhi hii."

"Ukisema wewe, mama, basi," Aneth akajibu, akanawa, akala.

Robo saa ikapita. Mama Debora alikuwa ameshika kiuno, anakaribia kuwatangazia wageni ushindi wake, alipomwona Aneth akijikuna viganja. Shingo ikaiva wekundu. Midomo ikaanza kuumuka. Aneth akainama akatapika pale pale kwenye mkeka, na wageni wakaruka huku na huku.

Lameck alikuja mbio, mkoba wa mkewe mkononi. "Mama, amekula nini?"

"Perege."

"Wa lini?"

Akina mama wa kanisa walikuwa wamemkodolea macho. Moyo wa Mama Debora ulimwambia aseme kweli, aibu ikauwahi ulimi.

"Wa leo," akasema.

Lameck akaiacha sindano. "Basi ni jua tu." Akampa mkewe vidonge, akamvuta kivulini, akawa anampepea kwa sahani. Dakika zikaenda. Pumzi ya Aneth ikaanza kupiga mluzi. Alitaka kusema kitu, sauti haikutoka. Alimtazama mama mkwe wake, si kwa hasira, kwa mshangao tu, kisha macho yakageuka na kichwa kikaanguka.

"Wa jana!" Mama Debora alipiga yowe hilo hata hakujua limetoka kifuani mwake. "Lameck, ni wa jana! Nilitaka kumjaribu! Mungu wangu, nilimjaribu tu!"

Priska alishika mdomo. Lameck hakumtazama mama yake. Aliichoma sindano pajani kwa mkewe juu ya gauni, akamlaza chali, akamnyanyua miguu, na jirani yao Bartolomayo akaleta gari mpaka mlangoni.

Hospitalini Aneth alichomwa sindano ya pili. Alipoanza kupumua vizuri, daktari alimgeukia Lameck kwa ukali.

"Ulisubiri nini? Midomo imevimba, anatapika, pumzi inakatika, unauliza samaki wa lini? Choma kwanza, maswali baadaye. Mngekawia kidogo mngeniletea maiti."

Mama Debora aliyasikia yote akiwa ameegemea ukuta. Alijua jibu la swali lile. Mwanawe alikuwa amesubiri kwa sababu alimwamini yeye.

Siku ya tatu Aneth aliruhusiwa, na mama huyo alipiga magoti mbele ya mkwewe. Nani aliwahi kuona jambo hilo? Aneth alimwinua, akamwambia amemsamehe, na alisema kweli.

Pasaka wakaja tena Zuzu, asubuhi mapema. Aneth alisema shikamoo kwa adabu ile ile, akaketi. Mama Debora alichinja kuku hapo hapo, akampika kwa chumvi na maji peke yake, akapakua moshi ukifuka. Aneth alishukuru. Hakugusa. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa amesimama jikoni akiangalia tangu kuku anachinjwa mpaka anapakuliwa. Lameck akaitikia kwa kichwa, ndipo mkono wa Aneth ukaenda kwenye sahani.

Mama Debora alirudi jikoni, akafunga mlango, akalia. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

FUNZO

Maradhi yasiyoonekana kwa macho ni maradhi. Mtu akikuambia chakula fulani, joto au harufu fulani inamdhuru, usimpime kwa siri, maana kipimo chako kinaweza kuwa kaburi lake. Jifunze dawa zake ziko wapi na sindano inachomwaje, na hatari ikija ichomwe mara moja, kisha mbio hospitali. Na ukiwa umekosea, sema papo hapo mbele ya yeyote yule. Uongo wa kwanza wa Mama Debora ulimwangusha Aneth. Ule wa pili, wa kuficha aibu, ndio uliotaka kumzika. Msamaha aliupata siku ya tatu. Imani ya mkwewe bado anaingoja.