Gita la Mlango wa Kabati

— Kumbe unalionea aibu?

Seremala alikuwa ameibana simu sikioni, mikono imejaa vumbi la mbao. Ujumbe wa mchumba wake ulikuwa bado unamchoma: "Mpenzi, leo nitapiga gita la kiongozi wa bendi. Lako libaki nyumbani kwanza. Usikasirike."

— Si aibu, mpenzi. Kiongozi amesema mlango wa kabati haupandi jukwaani.

— Na wewe ukamjibuje?

— Sikumjibu kitu.

— Haya, nimekuelewa.

Akakata simu. Miezi minne! Mwili wa gita aliuchonga kutoka mlango wa kabati la marehemu baba yake, aliyemfundisha kushika randa. Shingo aliiokota kwa muuza vyuma chakavu. Kinasa sauti cha nyuzi alipewa na fundi redio, na yeye kwa malipo akamchongea kigoda. Nyuzi tu ndizo zilikuwa mpya. Tena alilitengeneza la mashoto, maana mchumba wake miaka yote alipiga magita ya watu kichwa chini miguu juu. Leo kazi hiyo ifichwe uvunguni? Thubutu!

Alasiri akaenda ukumbini kwenye mazoezi. Akimkuta na gita la watu, pete anamrudishia pale pale. Liwalo na liwe.

Kabla hajaingia, akasikia mabishano.

— Nimesema hilo halipandi!

— Basi na mimi sipandi. Amelitengeneza mke wangu mtarajiwa kwa mikono yake. Asubuhi nilinyamaza, nikamkosea. Nimelifuata nyumbani, na sinyamazi tena.

Mchumba akachomeka waya, akapiga. Lo! Sauti ikatoka nene, safi, mpaka mpiga ngoma akasahau zamu yake.

— Hebu lete nijaribu, kiongozi akasema.

Alilipakata, vidole vikapotea. Nyuzi zote zilikuwa kinyume na alivyozoea. Bendi nzima ikaangua kicheko.

— Sasa hili gita la namna gani?

— La mwenyewe, seremala akajibu kutoka mlangoni.

Mchumba aligeuka, macho yamelowa.

— Nisamehe.

— Nilishakusamehe nikiwa hapo nje. Piga!

Akapiga, na seremala akasimama kifua mbele mpaka wimbo ukaisha. Kiongozi akamsogelea kwa adabu.

— Fundi, nitengenezee na mimi. La mkono wa kulia lakini.

— Panga foleni, kaka. Kuna kitanda nakimalizia.

— Cha mteja gani huyo anayenitangulia?

Seremala akaifuta vumbi pete yake.

— Changu na cha huyu mashoto wangu.