Kopo la Poda la Papa Vagheni

Asubuhi Berthe alikuwa anachambua maharagi mlangoni. Karibu naye, binti yake Jemima alinakili daftari la biolojia. Kuandika anajua, huyo mtoto! Daftari zima alikuwa ameshalinakili mara mbili.

Ilikuwa mwaka 2002, vita bado vinaendelea. Walikuwa wamekimbia kutoka kijijini kwao Kalunguta, wakapanga chumba kimoja hapa Butembo. Juu ya sanduku la nguo kulikuwa na kopo la poda ambalo halijafunguliwa. Vagheni, mume wa Berthe, alilinunua mwaka uliopita. Alitaka kummwagia Jemima kichwani, kama ilivyo desturi huku, siku atakapofaulu examen d'État, mtihani wa kumaliza shule na kuingia chuo kikuu. Jemima alianguka mtihani huo. Halafu mwezi wa kwanza Vagheni alirudi Kalunguta kuchimba mihogo, na watu wenye silaha wakamuua njiani. Berthe hakupenda kulitazama kopo lile. Kulitupa nako hakuweza.

"Mama, inabakia wiki sita nirudilie examen," alisema Jemima.

"Najua. Wiki ya mwisho utafunga siku saba. Hapana kula, hapana kunywa."

"Saba? Mwaka jana ilikuwa tatu, na nikasinzia juu ya karatasi!"

"Juu tatu ilikuwa kidogo, ndiyo maana ulianguka."

Jemima akainama. Machozi yakadondoka kwenye daftari.

Jioni Mwalimu Phinées akafika kuwasalimia. Alifundisha shuleni, tena aliongoza chorale, kwaya ya kanisa lao, ambamo Jemima aliimba. Jemima akamweleza yote.

"Mama Jemima," akasema Mwalimu, "kusali ni muzuri, na mimi ninasalaka. Lakini mutoto mwenye njaa na kiu, kichwa yake inachoka. Mwaka jana haiko Mungu alimukatala. Ilikuwa njaa."

Berthe akaweka ungo chini.

"Mwalimu, usiku ile mbele Vagheni aende, nilikuwa ninamuombea. Usingizi ikanikamata. Sikufika Amina. Asubuhi akaenda, bakamuua. Na sasa unasema tuombe kidogo?"

Kumbe ndilo lililokuwa linamla moyo miezi yote ile! Jemima hakuwahi kulisikia.

"Pole, Mama," akasema Mwalimu polepole. "Ile kifo haikutoka mu usingizi yako. Ilitoka mu bunduki ya mutu. Mungu hapana kukuazibu juu ulichoka."

Berthe akalia zaidi hata ya siku ya mazishi. Walimwacha alie mpaka akatosheka.

Kisha Mwalimu akauliza, "Vitabu vya chorale viliungua mu vita. Jemima anajuaka nyimbo ngapi kwa kichwa?"

"Labda mia moja," akajibu Berthe, akijifuta macho.

"Alijifunza namna gani? Kwa kunakili?"

"Hapana. Wewe unaimba mustari, batoto banarudilia. Unanyamaza, banaimba peke yabo. Kesho unabauliza tena."

"Basi, masomo ni vile vile. Asome kidogo, afunge daftari, aseme kwa kinywa. Kwenye amekosea, afungue, arudilie. Kesho aulizwe tena. Kunakili kunachokesha mukono tu."

"Nani atamuuliza?"

"Wewe."

"Mimi? Nimejua kusoma juzi tu, kwa masomo ya bamama! Na hii ni Kifaransa!"

"Utafuata na kidole. Akikosea, utaona."

Basi wakaanza. Kila jioni waliomba kwa ufupi, kisha Berthe akashika daftari. Alisoma Kifaransa asichokielewa, kwa sauti ya mahubiri. Jemima akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu kifo cha baba yake alikuwa hajacheka.

Siku nyingine hakuna aliyecheka. Risasi zililia, wakazima taa wakalala chini sakafuni. Hapo Jemima alisema masomo gizani kwa kunong'ona, mama yake akimshika mkono.

Wiki ya mwisho Jemima alikula, akanywa maji, akalala mapema. Asubuhi ya mtihani Berthe alimpikia bugali na maharagi. Akaomba maneno machache, na safari hii akafika Amina.

Matokeo yalichelewa sana kwa sababu ya vita. Siku yalipotangazwa kwenye redio, Berthe alisikia jina la mtoto wake na asilimia hamsini na sita. Akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio.

Alifungua kopo. Poda ilikuwa imeshikana, akaivunja kwa kijiko. Akammwagia Jemima nusu, mpaka nyusi zikawa nyeupe. Kisha akafunga kopo.

"Na hii ingine, Mama?"

"Ni ya mwenye alinunua."

Wakaenda wote wawili mpaka kwenye kaburi la Vagheni, pale mjini. Berthe akamwaga poda yote iliyobaki juu ya udongo mwekundu.

"Papa Jemima," akasema, "mutoto amepita."

Akakaa chini pale pale, na Jemima akakaa karibu naye.