Huyu ni Wangu

Maji ya asubuhi ile yalikuwa ya uvuguvugu.

Sogeeni kwanza, na aliye karibu na mlango aurudishie, maana habari hii haisimuliwi mlango ukiwa wazi. Mnaijua baridi ya Mbulu wakati wa masika. Ukungu unalala juu ya mji kama ng'ombe aliyegoma kuinuka, na maji ya chemchemi yanauma vidole mpaka vinakufa ganzi. Lakini ndoo aliyoibeba Lucia kutoka bondeni ilikuwa na uvuguvugu wa maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

“Umeyachemshia wapi?” akamtania Getruda, kiranja wa bweni. “Au siku hizi una mpishi wako?”

Wasichana wakacheka. Lucia hakucheka. Akayamwaga yote nje, akaenda darasani bila kunawa uso.

Huo ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Dizeli yote ilikwenda kwa wanajeshi, pampu ya shule ikanyamaza, ndiyo maana wasichana wa bweni walirudi kuchota bondeni kama walivyochota bibi zao. Sukari ilikuwa hadithi. Sabuni ilikatwa kwa uzi, kila mtu na kipande chake. Walimu vijana walivaa magwanda wakaenda, akabaki Mwalimu Onesphory mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akifundisha hesabu, historia na kilimo, na mara nyingine akisahau ameingia kufundisha somo lipi. Asubuhi mstarini waliimba nyimbo za ushindi mpaka koo zikakauka, kisha wakaenda kunywa uji mtupu.

Lucia na Fransiska walikuwa kidato cha nne, wote watoto wa Tumati. Kitanda chao kilikuwa kimoja cha deka, Lucia juu, Fransiska chini. Kaka zao walipanda lori moja la mgambo: Sulle wa kwao Lucia, na Modest wa kwao Fransiska, wamekaa juu ya magunia ya mahindi wakipunga mikono kama watu wanaokwenda harusini. Tangu siku hiyo wasichana wale hawakuachana. Mmoja akisikia redio ya jikoni inasoma habari za vita, anamshika mwenzake mkono.

Sasa, kule kwetu kila chemchemi ina mwenyewe. Shuleni walisema jini. Wazee walisema tu “mwenye maji”, tena kwa sauti ya chini. Huyo hana ugomvi na anayechota kwa adabu. Anachokataa ni msiba. Mtu aliyefiwa na ndugu yake hagusi maji ya watu; anakaa kando, anakula peke yake, hachoti, havuki mto, mpaka wazee wamsafishe. Hiyo ndiyo metimani. Wengi walikuwa wameshabatizwa na kuyaacha hayo, lakini habari ya maji, hata katekista hakuifanyia utani.

Na Lucia alikuwa amefiwa. Alikutana sokoni na kijana wa mgambo aliyerudi na mkongojo, akamwambia pembeni, nyuma ya wauza vitunguu, kwamba Sulle hatarudi. Alitakiwa kwenda nyumbani siku ileile. Lakini mtihani ulikuwa mbele, na msichana akishakwenda kukaa kando mwaka wa mtihani, hiyo shule ameiaga. Basi akaimeza ile habari kama mtu anavyomeza mfupa. Hakumwambia Fransiska. Hakumwambia hata mama yake. Kesho yake akabeba ndoo, akashuka bondeni.

Ndipo vikaanza vitu vidogo. Blanketi la Lucia lilikutwa limelowa upande mmoja tu, ule wa ukutani, kana kwamba kuna mtu ametoka kuoga akalala naye. Bweni likanuka tope, lile jeusi la chini kabisa ambalo jua halijawahi kuliona. Wasichana wakiwa kwenye maombi ya jioni, kila mmoja alisikia mtu anakunywa maji polepole, glu, glu, glu, na walipofungua macho hakuna aliyeshika kikombe.

“Lucia, una nini?” Fransiska alimuuliza kwa kunong'ona.

“Sina kitu. Lala.”

“Mbona unatetemeka mpaka kitanda kinalia?”

“Nimesema lala, Fransi.”

Siku moja jua likiwa linazama, walipanda wawili kutoka bondeni na ndoo zao kichwani. Ukungu ulikuwa umeshuka. Kando ya njia, mahali ambapo muda mfupi kabla hapakuwa na mtu, alikaa bibi kizee aliyevaa sketi ya ngozi iliyotiwa shanga, ya zamani, zile ambazo mabibi huzitoa sandukuni siku ya sherehe tu. Sketi ilikuwa inachuruzika maji. Lucia alisimama ghafla nyuma ya Fransiska.

“Msalimie wewe,” akanong'ona. “Mimi koo linaniuma.”

“Shikamoo, bibi,” akasema Fransiska.

“Marahaba. Wewe ni wa nani?”

“Mimi ni Fransiska, bibi. Wa Tadeo, Tumati.”

“Na huyo nyuma yako ni wa nani?”

Lucia kimya. Fransiska akangoja, akaona aibu. Mzee amekuuliza, unamnyamazia? Mwenzako anasimama mbele ya mkubwa kama kitu kilichookotwa, asiye na wa kumjibia? Kwetu hilo halifanywi. Yeyote uliyekula naye chungu kimoja, ukiulizwa unasema ni wangu, na mzee anaridhika, mnapita.

“Huyu ni wangu, bibi,” akasema.

Bibi akainua uso. “Umesema ni wako?”

“Ndiyo, bibi.”

“Basi nimesikia.”

Akainuka, akashuka kwenye maji, akaingia, na maji hayakutoa sauti yoyote.

Lucia alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa kuni mgongoni. “Asante,” akasema.

Fransiska alijiuliza njia nzima: asante ya nini?

Jibu lilianza kuja kabla ya mtihani wa majaribio. Kiu ilimshika. Alikunywa kikombe, akanywa ndoo, akainamia pipa la mvua nyuma ya jiko na kunywa kama ndama, na bado ulimi ulikuwa mkavu kama ganda la mahindi. Na alipokaa darasani, mchana kweupe, Mwalimu Onesphory akiandika hesabu ubaoni na chaki ikilia, alihisi kitu kinapanda kutoka tumboni, baridi, taratibu, kikishika mbavu moja baada ya nyingine kama mtu anayepanda ngazi, kikafika kifuani, kikafika kooni, kikakaa juu ya ulimi wake na kuusogeza pembeni ili kipate nafasi, na mdomo wake ukafunguka wenyewe, na sauti ya kizee ikauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya mahindi:

“Nani amekufa?”

Chaki ilianguka. Maji yakatoka mdomoni mwa Fransiska, yakalowesha daftari, yakashuka hadi sakafuni, yakiwa na uvuguvugu na tope jeusi. Wasichana walipita madirishani wakipiga kelele. Katika vurugu ile yote Fransiska alimtafuta Lucia kwa macho. Alimwona yuko mlangoni, ameshaokota vitabu vyake vyote kwa mpangilio.

Mkuu wa shule alisema ni malaria. Mpishi, Xavery, hakubishana na mkubwa. Alipanda baiskeli tu, akamleta Mzee Tluway, ambaye ukoo wao ndio unaoongea na mvua na maji. Walikutana jikoni, wasichana wa bweni wamekaa chini, sufuria za uji zimefunikwa.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wajukuu. Sina dawa mfukoni, msinitazame mikono.” Mzee alimwangalia Fransiska kwa huruma. “Kati yenu kuna aliyefiwa akaingia majini. Simtafuti nimpige. Aliyeficha aseme jina la marehemu wake kwa mdomo wake, hapa, tumlilie. Mwenye maji akisikia ukweli anaondoka. Akidanganywa anakaa.”

Uji ukachemka ukapuliza mfuniko. Fransiska alikuwa amelala mapajani mwa Getruda, midomo imepasuka, akiwaangalia wenzake mmoja mmoja.

Lucia akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa machozi ya kweli.

“Ni Fransiska,” akasema. “Kaka yake Modest amekufa vitani. Niliambiwa sokoni. Nilimwambia yeye, akaniomba tufiche.”

“Mimi?” Fransiska akajaribu kuinuka. “Lucia, mimi uliniambia lini?”

“Umesahau. Umeumwa sana.” Akapiga magoti, akamkumbatia. “Pole, dada yangu. Pole sana.”

Na jamani, sikieni hili: Fransiska akamkumbatia na yeye. Alilia shingoni mwake. Alimshukuru kwa kuubeba msiba mzito vile peke yake, akamwomba radhi kwa kumsumbua kitandani.

Walimpeleka Tumati. Mama yake alianguka uani, akainuka, akanyolewa kichwa. Fransiska naye akanyolewa. Wakamtengea kibanda nyuma ya zizi, kata yake, sahani yake. Kitanda chake bwenini alipewa mwingine. Akawa anamlilia Modest, na kiu haikupungua hata tone.

Mchana mmoja mvua ilinyesha kubwa, mpaka nyumba kubwa haikuonekana. Aliinua macho akamkuta yule bibi amekaa mlangoni, ndani ya mvua, sketi ya ngozi imemganda magotini. Fransiska alitaka kupiga kelele, lakini koo halikuwa lake, na bibi akaanza kusema, polepole, kwa upole wa kutisha, kama mkunga anayemtuliza mzazi, na kila neno lilikuja na tope kidogo juu ya midomo ya Fransiska mwenyewe.

“Nimemtafuta huyo Modest wenu,” akasema. “Nimeuliza kwa wa mtoni, wakauliza kwa wa ziwani, wakauliza kwa wa mto mkubwa kule vitani. Hayupo. Mnamlilia mtu anayekula. Aliyepo ni Sulle, amekaa peke yake, hakuna anayemlilia. Mimi nilikwenda kwa dada yake. Wewe ukasema ni wako.”

Kisha ikawa mvua tu.

Fransiska alitoka kibandani. Alitembea kutoka Tumati mpaka shuleni na kichwa chake cha upara, watu wakimpisha njiani kwa mbali, maana aliyekaa kando hatembei. Alifika asubuhi wakiwa kwenye foleni ya uji. Foleni ikavunjika. Lucia alibaki na bakuli lake mkononi.

“Sema jina la Sulle,” Fransiska akamwambia.

“Punguza sauti,” Lucia akanong'ona. “Mtihani ni karibu. Nikimaliza nitasema. Naapa, Fransi. Nikimaliza tu.”

“Mama yangu amenyolewa kwa ajili ya mtoto aliye hai!”

“Najua.”

“Bweni zima lilikuwepo. Kwa nini mimi?”

Lucia alimtazama machoni, na kwa mara ya kwanza tangu masika hakudanganya. “Kwa sababu wewe utanisamehe.”

Hapo kitu kikavunjika. Kama Lucia angesema nilikuchukia, nilikuonea wivu, labda Fransiska angelia akaendelea kubeba. Aligeuka akawatazama wote, Getruda, Xavery na mwiko wake, Mwalimu Onesphory aliyetoka ofisini, akasema kwa sauti ambayo hata bondeni ilifika:

“Huyu si wangu. Nilikosea. Huyu si wangu.”

Kiu ikakatika palepale, kama taa iliyozimwa. Na Lucia akafungua mdomo kumjibu, na badala ya maneno yakaja maji, yakajaza bakuli la uji, yakafurika, yakashuka mikononi mwake, na katikati ya maji yale sauti ya kizee ikaanza kumwita Sulle, Sulle, Sulle, kwa jina la ukoo na jina la nyumbani, mpaka mama yake alipokuja kumchukua, naye akajulia hapo, uwanjani, kwamba alishafiwa.

Fransiska alirudishiwa dawati. Mzee Tluway alimhangaikia Lucia. Sijasikia popote kwamba alirudi darasani.

Vita vikaisha. Malori yalirudi wakati wa mavuno, mji mzima ukajaa stendi, vumbi, vigelegele. Mama yake Fransiska alikataa kuja. Alishamlilia mtoto yule mara moja, alisema hana nguvu ya kukosea tena. Vijana walianza kuruka chini, wamekonda, na kila mmoja alipotua kuna mtu alipasua umati akipiga ukelele, “Wangu! Wangu huyo!” na kumshika asije akapotea.

Modest alishuka kwenye lori la mwisho. Alikuwa yeye, na mwendo wake, na meno yake. Alisimama akiangaza juu ya vichwa, akitafuta. Macho yake yakampita dada yake, maana hakuzijua nywele zile fupi.

Fransiska akavuta pumzi ili amwite.

“Yule mrefu,” akasema mwanamke mzee pembeni yake, kwa upole, akijisogeza kumpisha mtu, “ni wako, mjukuu wangu?”

Huenda alikuwa bibi wa kawaida tu, aliyekuja kumpokea wa kwao. Stendi ilikuwa imejaa mabibi. Fransiska hakugeuka kumtazama; swali lile aliwahi kulijibu, na alijua lilimgharimu nini. Alifunga mdomo wake kwa mikono miwili, akasimama hivyo, huku kaka yake akizunguka mahali pamoja kwenye vumbi, watu wakiisha mmoja mmoja, akiuliza kwa sauti kama kuna yeyote aliyekuja kwa ajili yake.