Wavu wa Darini

Walikutana katika msongamano wa duka la vifaa vya ujenzi: mwanamume fundi wa mapaa, vumbi la saruji limemganda hadi kopeni, mwanamke muuguzi, vazi lake jeupe limenyooshwa vyema, amekumbatia boksi la viatu lililotobolewa matundu.

"Dada, boksi lako linalia."

"Ni mgonjwa wangu. Popo, kavunjika bawa."

"Mtu mzuri hivi, na popo?"

"Mbona wewe nakusemesha, na vumbi lote hilo?"

Fundi akacheka, na tangu hapo moyo wake haukuwa wake. Akajiunga na muuguzi na wenzake waliojitolea kuokoa popo wa mji; akajifunza kuwanywesha maziwa kwa brashi ndogo. Akaposa, akakubaliwa.

Kikwazo kikawa dari. Popo walijaa katika nyumba aliyorithi fundi, na shangazi yake akaapa: "Bibi harusi haingii humu na harufu hii!"

"Nisubiri nirudi safari," muuguzi akamsihi kwa simu. "Tutawahamisha kwa utaratibu."

"Nakusubiri, laazizi."

Fundi hakusubiri, alitaka kumfurahisha mchumba wake. Magharibi moja, popo walipokwisha kuruka kutafuta riziki, akapanda, akaziba tundu lao kwa wavu, akashuka akimhimidi Mola kwamba hakumdhuru hata mmoja.

Muuguzi aliporudi, aliwaona popo mchana kweupe, wameng'ang'ania wavu kwa nje. Uso ukamshuka.

"Umeziba lini?"

"Juzi. Walikuwa wametoka wote, wallahi!"

"Wametoka mama zao. Vichanga havijui kuruka. Huachwa ndani."

Wakapanda darini. Fundi akaung'oa wavu kwa mikono mitupu hadi vidole vikachuruzika damu. Vichanga vilikuwa vimekufa kwenye boriti, vimekumbatiana. Muuguzi akavikusanya katika mtandio wake wa hariri, ule aliovaa siku ya posa.

"Nisamehe, roho yangu."

"Nimekusamehe. Mola anaijua nia yako."

"Basi harusi..."

"Nitalalaje chini ya dari hii?"

Shangazi akashangilia kwamba nyumba sasa safi. Fundi aliliacha tundu wazi, mvua zikaja, zikapita. Jioni moja akampigia muuguzi simu.

"Wamerudi."

"Wana watoto?"

"Wanao."

"Usizibe."

"Sizibi, laazizi."

Akasikia kwikwi ya kilio, kisha simu ikakatwa. Juu yake dari ilijaa sauti. Chumbani, kitanda cha harusi kilibaki hakijatandikwa.