Jiji Juu ya Meza

Teksi nyeupe ilikata kona ya benki bila kuwasha taa. Sindano akaikata nayo.

Pikipiki yake ya Yamaha ilipenya kati ya lori la saruji na mkokoteni wa maji, nafasi ya kiganja kila upande. Mwenye mkokoteni akamtukania mama. Sindano hakuwa na muda wa kumjibu. Angekuwa nao angemwambia kwamba mama alishatangulia mbele ya haki, na kwamba siku anakata roho alimkabidhi Sindano mdogo wake wa kiume amtunze. Mdogo mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi ile, amekumbatia begi.

Casio mkononi ilisema saa nne na dakika kumi na mbili.

Amri ilimkuta saa tatu, povu la mswaki mdomoni. Simu ya kazini, idara ya usalama, haikuwa na salamu.

"Kifungo kimedondoka," alisema Mkuu. "Kirudi. Shati si lazima."

Kwa lugha yao kifungo ni mzigo, na shati ni mtu aliyeubeba.

"Shati la nani?"

Mkuu alikohoa kidogo. "La mdogo wako."

Alitema povu. "Kazi hiyo nipe mimi."

"Ndiyo maana nimekupigia. Una mpaka saa tano kamili. Baada ya hapo namtuma Shoka."

Shoka hakuhitaji maelezo. Ofisini walikuwa wakisema hajawahi kurudisha mtu, anarudisha taarifa tu, na taarifa zake huwa fupi.

Sasa tuelewane kuhusu huyu mdogo mtu. Alikuwa mbunifu, lakini si wa nguo wala wa majumba. Yeye na wenzake saba walikodi ghala lililokuwa la magodoro, wakafanya kazi ambayo ukoo mzima haukuwahi kuielewa. Walitengeneza vitu ambavyo bado havijaja, ili watu wavishike na kuvibishia mapema, kabla mwenye nguvu hajavileta bila kumwuliza mtu. Kituo cha basi kinachokukataa. Mlango wa zahanati unaokagua uso kabla haujakagua homa. Shangazi yao alipoutembelea mlango ule alisema, "Mwanangu, si ungetengeneza vitanda tu."

Safari hii walikuwa wametengeneza jiji lao wenyewe juu ya meza. Mitaa yote, nyumba za ukubwa wa punje ya mahindi, na kila mtaa na swichi yake ya mbao. Ukizungusha swichi, taa za mtaa zinageuka nyekundu na mageti yake yanafungwa. Mgeni azungushe mwenyewe, aone ilivyo rahisi, arudi kwake hana raha. Ndilo lililokuwa lengo.

Tatizo ni sheria iliyoandikwa kwa chaki ukutani pao: *Hatuonyeshi kitu kisichofanya kazi.*

Huko nje, kwa miaka miwili, jiji lilikuwa limesimikwa nguzo elfu kumi na mbili. Kila nguzo ina taa, kamera na kipaza sauti, na waya wake unakwenda kwenye mageti ya stesheni, ya soko na ya madaraja ya waenda kwa miguu. Mafundi waliozisimika waliiacha wazi laini ya majaribio. Mdogo mtu aliigundua akaiunganisha na meza, ili taa za mezani zifuate za kweli. Mwigo angeuonea aibu. Aliamini laini inasoma tu, haiwezi kuamuru.

Jumanne ya mazoezi alizungusha swichi moja. Mtaa wa watu elfu themanini ukafungwa kwa dakika kumi na moja.

Jioni ile alikuja kwa dada yake analia. "Unajua kitu gani kinaniua? Nilifurahi, dada. Kabla ya yote nilifurahi kwamba imefanya kazi."

Sindano aliandika taarifa ya mistari minne, akaomba laini ifungwe. Laini haikufungwa. Alijua sababu, akajitia hamnazo.

Halafu ikaja barua kwenye karatasi nzito. Makumbusho ya ughaibuni yanaiomba kazi yao, na msimamizi wa maonyesho yuko mjini, aletewe kile kisanduku kinachoendesha meza. Mbunifu ukimwambia dunia itaiona kazi yake, umemmaliza. Hakuuliza la pili. Alichomoa kisanduku, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, akaita teksi.

"Kituo, Sindano." Aliongea na kipaza sauti ndani ya helmeti. "Nipe habari za huyo msimamizi."

"Makumbusho hayapo," sauti ya dada wa Kituo ilijibu. "Anwani yake ni yadi ya matairi. Anauza vitu vya namna hii kwa serikali yoyote inayowaogopa raia wake. Wateja watatu wanasubiri. Ndege yake saa sita."

"Yuko na nani?"

"Dereva. Ana silaha."

Teksi ilisimama mbele ya ukumbi wa maonyesho. Mdogo wake alishuka, akamlipa dereva, akasimama kuchomekea shati. Alikuwa anajiandaa kukutana na watu wa maana.

Sindano aliegesha Yamaha, akavua koti, akachukua ngazi iliyoegemezwa mlangoni. Mtu aliyebeba ngazi hazuiwi popote duniani. Mlinzi alimfungulia mlango.

Ndani mafundi seremala walikuwa wanasimamisha vibanda. Misumeno ilikuwa inalia, harufu ya gundi inapanda kichwani. Kibanda cha kumi na nne kilikuwa na ukuta mmoja tu wa plaiwudi, na mbele yake alisimama bwana wa ndevu zilizochongwa, suti ya kijivu, anatabasamu mpaka magegoni. Dereva wake alikuwa pembeni, ameshika bango lililoviringishwa.

Bango halishikwi hivyo. Mkono mzima ulikuwa ndani.

"Umeleta?" Msimamizi aliuliza.

"Nimeleta," mdogo mtu alisema. "Ila nilitaka tuzungumzie taa kwanza. Mgeni akiingia, ni muhimu asikute—"

"Tutazungumza kwenye gari."

"Gari? Nilidhani tunapima ukumbi."

Begi likanyakuliwa. Bango likainuka.

Sindano aliiachia ngazi imwangukie dereva begani. Risasi ilitoka na kikohozi kidogo, ikatoboa dari. Kwenye benchi la jirani kulikuwa na bunduki ya misumari, mpira wake umeunganishwa na mtambo wa upepo. Aliitwaa. Akaubana mkono wa dereva kwenye plaiwudi, akakandamiza mdomo wa bunduki kwenye mkono wa koti.

Ta. Ta. Ta. Ta.

Misumari mitatu kwenye kitambaa, wa nne karibu na kidole. Dereva alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Bastola ikaanguka, Sindano akaipiga teke chini ya jukwaa.

"Dada?" mdogo wake alisema.

"Kaa hapohapo."

Msimamizi alikuwa ameshafika mlango wa mizigo. Kwa mtu wa umri wake alikimbia vizuri. Sindano alitoka nyuma yake kwenye yadi, jua likampiga machoni, akaona Land Cruiser inaunguruma, mlango wazi.

Glock ya Sindano ikatoka kiunoni. Tairi la mbele. Tairi la nyuma.

Gari likakaa chini kwa upande mmoja. Msimamizi aliweka begi juu ya boneti, akainua mikono taratibu. Halikuwa jambo geni kwake.

"Tuzungumze, binti. Bei ni kubwa kuliko unavyofikiri, na wateja wangu si watu wabaya. Wanataka utulivu."

"Geuka."

"Hata mkubwa wako aliniulizia bei. Mwezi uliopita."

Alimfunga mikono kwa kamba za plastiki, akamkaza kuliko ilivyohitajika. Maneno yale yalimwingia, akayaacha yakae.

"Kituo, Sindano. Wawili wamefungwa. Leteni gari."

"Mzigo?"

"Ninao."

Saa nne na dakika hamsini na moja.

Mdogo wake alitokea mlango wa mizigo. Uso ulikuwa umemshuka, na mkononi alikuwa na nyundo ya seremala. Hakuna aliyemwambia lolote, lakini hakuwa mjinga. Aliwatazama Msimamizi, matairi, na dada yake mwenye bastola.

"Wewe uliambiwa nini kuhusu mimi?"

Angeweza kumdanganya. Kazi yake ilikuwa hiyo. "Kwamba si lazima urudi."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Haya. Kiweke chini, nikivunje."

Sindano alikitoa kisanduku. Kilikuwa cha moto kidogo, cha plastiki nyeupe, kona zimelainishwa kwa msasa. Mtu alikuwa amekaa usiku mzima kuzilainisha. Aliujua mkono huo. Alimfundisha mwenyewe kushika penseli.

"Ukikivunja," alisema, "kitabaki kimoja tu. Kilichomo kichwani mwako. Mkuu atakitaka hicho."

"Sitasema."

"Kwa Shoka kila mtu anasema."

"Basi potelea mbali, na mimi nisiwepo. Dada, wewe hukuona. Jumanne ile nilikwenda pale darajani baadaye. Kulikuwa na mama ana mtoto anahangaika kupumua, na hospitali iko ng'ambo. Mtoto alipona. Alipona kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama mezani na nikairudisha swichi. Mwingine akisimama pale hatairudisha."

Sindano alikuwa na dakika sita, na sauti ya mama inayokatika: *mtunze huyu*. Mama hakutaja watu elfu themanini. Mtu akifa hutaja wake.

Simu ilitetemeka.

"Kifungo?" Mkuu aliuliza.

"Ninacho."

"Kizima?"

Alimtazama mdogo wake. Nyundo ilikuwa juu, inasubiri neno lake.

"Kizima," alisema. "Lakini nataka shati langu. Lisiguswe leo, lisiguswe kesho."

"Shati la nini tena, kama kifungo kipo? Chukua shati lako."

"Na ile laini mtaifunga?"

Mkuu alicheka, na hakucheka kwa ubaya. "Sindano, wewe ni mtu mzima."

Simu ikakatika. Alimsogelea mdogo wake, akaishika nyundo. Alitegemea atashindana naye. Walipokuwa watoto alikuwa hatoi kitu bila kung'ata. Safari hii aliiachia tu, akakaa kwenye ngazi za yadi, akashika kichwa. Sindano alitamani amng'ate.

Saa tano kamili Shoka aliingia kwa miguu. Alikuwa bwana mpole wa makamo, amevaa sweta la kufumwa na mkewe. Alipokea kisanduku kwa mikono miwili.

"Pole na kazi, fundi," alimwambia mdogo mtu. "Tumesikia ni kitu safi sana."

Walirudi kwa miguu, kwa sababu mdogo mtu alikataa kupanda pikipiki yake. Njiani Sindano alimnunulia maji, akayapokea, hakuyanywa. Sindano alijiambia mara moja, mara mbili, kwamba yuko hai na anatembea pembeni yake, mengine yatapatiwa dawa. Hata yeye hakuyaamini.

Kwenye daraja la waenda kwa miguu, saa saba mchana, taa za nguzo ziligeuka nyekundu.

Geti lililo mbele yao lilijifunga. La nyuma nalo likajifunga. Watu kama arobaini walijikuta katikati, juu ya barabara: mchukuzi na gunia lake, wanafunzi wawili, bibi mwenye kapu, fundi simu na viti vyake vya plastiki. Mwanzoni walidhani umeme umekatika. Kipaza sauti kikakohoa.

"Tafadhali subiri," sauti ya kike ilisema, tamu na tulivu. "Usalama wako ni muhimu kwetu."

"Huyo ni mwenzetu wa karakanani," mdogo wake alisema. "Tulimrekodi akinywa chai. Nilimwambia aseme kwa upole zaidi, ili mgeni akereke."

Kamera ya nguzo iligeuka. Ilipita kwa mchukuzi, kwa bibi, kwa wanafunzi, ikaja kwa Sindano, ikasimama. Taa moja ndogo ikawa ya kijani, na geti likafunguka kwa upana wa mtu mmoja.

Watu wote wakamtazama.

Mdogo wake alilikagua geti kwa makini, kichwa upande, kama anavyokagua kila kitu. "Hiyo sehemu hatukuitengeneza sisi," alisema. "Orodha ya wanaopita. Wameiweka leo. Wamechukua saa mbili tu, dada, na imefanya kazi mara ya kwanza."

Sindano alimkamata mkono akamvuta. Geti lilisogea kufunga mara tu bega la mdogo mtu lilipokaribia. Mdogo akarudi nyuma, geti likafunguka tena, kwa ajili ya Sindano peke yake. Bibi mwenye kapu aliuliza kwa heshima kama naye anaweza kupita, amechelewa dawa.

Simu ilitetemeka.

"Jaribio dogo tu, usiwe na wasiwasi," Mkuu alisema. "Pita. Una kikao saa nane."

"Mdogo wangu yuko hapa."

"Si anatembea? Si ndivyo tulivyokubaliana?"

Ilikuwa kweli. Ndivyo walivyokubaliana.

"Nenda," mdogo wake alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma. "Ukisimama hapo muda mrefu itakuondoa na wewe kwenye orodha."

Sindano alipita. Alitembea kwa mwendo wake wa siku zote, mikono mfukoni, bila kuharakisha, bila kugeuka, kama alivyofundishwa kutembea kazi inapokwisha. Geti lilijifunga nyuma yake polepole.

Alikuwa katikati ya ngazi za kushuka aliposikia mdogo wake ameanza kuwaeleza watu jinsi nguzo inavyofanya kazi, kamera iko wapi, waya unakwenda wapi, kwa sauti ileile ya kutembeza wageni kwenye maonyesho. Walimsikiliza wote. Hakuna aliyebisha wala kumwuliza swali.